Dakika Kumi Ziwe Ndani ya Zamu

Usiku ule tulikuwa wauguzi wawili katika wodi ya wazazi, kwenye kituo kimoja cha afya mkoani Simiyu. Mama mmoja alijifungua salama, kisha damu ikawa haikati. Tulikanda mfuko wa uzazi, tukatundika dripu, tukampigia simu dereva wa gari la wagonjwa. Mama alifariki kabla gari halijafika. Nilivua glavu, nikanawa, nikavaa nyingine, kwa sababu kitanda cha pili mtoto alikuwa anakuja. Asubuhi nilikabidhi zamu: waliojifungua sita, kifo kimoja. Hakuna aliyeniuliza lolote, na mimi sikujiuliza.

Miezi michache baadaye tuliitwa semina mjini Bariadi. Ulikuwa msimu wa pamba na malori yalikuwa yakiunguruma nje. Mwezeshaji akatuambia tufumbe macho na kufuata sauti yake: tusikilize pumzi, kisha miguu, mabega, mikono. "Dada, kumbe tumeletwa kulala?" mwenzangu akaninong'oneza. Nikauma midomo nisicheke.

Sauti ilipofika kwenye mikono, nikakuta ngumi yangu ya kulia imekaza juu ya paja, vilevile ninavyoikaza nikikanda tumbo la mama anayetoka damu. Sikujua imekaa hivyo tangu lini. Niliifungua kidole kimoja kimoja. Usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu kifo kile, nililala hadi alfajiri.

Kwa hiyo siko upande wa wanaosema tafakuri ya kuongozwa, au meditesheni kama wengi tunavyoiita, ni mchezo wa Wazungu. Wala siko upande wa wanaoihofia kwamba inafungulia mapepo mlango. Kusikiliza pumzi uliyopewa na Mungu hakumfukuzi Mungu. Kwa muuguzi faida yake ni ya kikazi kabisa: mtu aliyetulia husoma lebo ya dawa mara mbili, na humsikia mgonjwa anachosema badala ya kumfokea.

Ugomvi wangu uko kwingine. Semina ilipoisha, kiongozi mmoja alisimama na kutuasa: "Sasa hili mkalifanye nyumbani, dakika kumi tu kila siku." Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nikajiuliza, nyumbani kwa nani? Kwa muuguzi anayetoka zamu ya usiku na kukuta ndoo hazina maji, mtoto anataka uji na shamba linasubiri palizi?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa uchovu wa kazi unaomkausha mtu unatokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Halikuuita ugonjwa, liliuita hali inayotokana na kazi. Ikiwa jeraha ni la kazini, kwa nini dawa yake ninywe kwa muda wangu? Hatumwambii mtumishi akanunue glavu kwa mshahara wake, halafu tukampongeza kwa kujijali.

Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha kliniki ya kupunguza msongo katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, alijenga programu ambayo leo hufundishwa kwa wiki 8. Sisi tulipewa nusu saa na soda. Tafiti zilizofanywa kwa wahudumu wa afya zinaonyesha kwamba mazoezi haya hupunguza msongo, hasa kwa muda mfupi. Hakuna utafiti unaoonyesha kwamba huzaa muuguzi wa tatu wa zamu ya usiku. Anayetupa pumzi ili asitupe watu anatumia dawa nzuri kufunika kidonda kibichi.

Wasukuma walilijua hili zamani. Katika bugobogobo, ngoma ya jembe, ngoma haimsubiri mkulima arudi nyumbani akajiburudishe peke yake. Inapelekwa shambani, jua likiwaka, na majembe yote hupanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Nafuu ya mwili ni sehemu ya kazi yenyewe, na ni ya wote.

Basi ninachodai ni kidogo. Dakika kumi ziandikwe kwenye ratiba ya zamu, wakati wa makabidhiano, wanaoingia wakishika wodi na wanaotoka wakikaa chini. Sauti ya kuongoza iwe ya Kiswahili au Kisukuma, isiyotuambia tufikirie theluji ambayo hatujawahi kuikanyaga. Asiyetaka asilazimishwe, maana wengine wakifumba macho huona waliowapoteza. Hao wapate mtu wa kuzungumza naye. Na baada ya kifo wodini, kikao kisiishie kwenye kujaza fomu.

Sasa nasoma shahada ya uzamili, na bado nafumba macho kila siku. Ngumi huwa imefunguka. Ila wenzangu wako wodini usiku huu, wawili, na ratiba haina hata dakika moja yao.