Beji Si Cheti: Kisa cha Mustang ya "64½ GT"

Najua nimepotea kidogo, madesa yamenibana. Leo siongelei mitihani wala bumu. Naomba tuongee magari, maana kuna jambo limenikaa rohoni tangu Ijumaa.

Iko hivi. Rumeti wangu ana kaka yake yuko Houston, Marekani. Jamaa anapiga shifti mbili, kajinyima miaka mitatu anadunduliza hela ya kununua Ford Mustang ya zamani. Ijumaa usiku akatuma picha za gari alilopata. Jeupe, zuri ajabu! Beji za GT kwenye madigadi ya mbele, mistari ya GT chini ya milango, taa mbili za ukungu ndani ya grili. Muuzaji kaandika: Mustang 64½ GT, orijino.

Kwa kuwa mimi hapa hosteli ndiye "profesa" wa magari ya Kimarekani, wote wakanigeukia. Nami bila kufikiri nikasema, "Mwambie achukue haraka!"

Nilipopanda kitandani usingizi ukakata. Kuna kitu hakikai sawa. Jamani, 64½ na GT zinakutana wapi?

Ngoja niwaeleze. Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964, kwenye Maonyesho ya Dunia kule New York. Kwa kawaida modeli mpya za Marekani zilikuwa zinatoka mwishoni mwa mwaka uliotangulia, kwa hiyo Mustang ilikuja katikati, si 1964 si 1965. Ndiyo maana wapenzi wa gari hili wakayaita yale ya mwanzo, yaliyotengenezwa hadi katikati ya 1964, "64½". Lakini Ford wenyewe waliyapa yote namba za modeli ya 1965. Hakuna namba ya chesisi ya Mustang inayosema 64 na nusu.

Sasa GT je? Kifurushi cha GT kilianza kuuzwa Aprili 1965, Mustang ilipotimiza mwaka mmoja. Kwa hiyo 64½ GT kutoka kiwandani haipo. Ni sawa na mtu akuambie kahitimu digrii kabla kozi yake haijaanzishwa!

Asubuhi nikamwamsha rumeti: mwambie kaka aombe picha ya namba iliyogongwa kwenye bati chini ya boneti, upande wa dereva, na picha ya kibati cha mlangoni. Vyote viwili, maana vibati vipya vya mlangoni vinatengenezwa na kuuzwa, kwa hiyo namba hizo lazima zilingane.

Picha zikaja, namba zikalingana. Inaanza na 5R07C. Tusome pamoja: 5 ni modeli ya 1965. R ni kiwanda cha San Jose, California. 07 ni ile ya milango miwili yenye paa gumu la kawaida (ya paa la kukunja ni 08, ya paa la kuteremka hadi nyuma ni 09). C ni injini ya V8, inchi za ujazo 289, kabureta ya matundu mawili. Hapo tayari kesi imeisha! GT za 1965 na 1966 zilitoka na injini za kabureta ya matundu manne tu, yaani herufi A au K. Tena C haikuwemo kwenye zile za mwanzo. Wakati ule V8 zilikuwa F, D na K.

Kibati cha mlangoni kikamaliza. Tarehe: 12K. Herufi ni mwezi, A ni Januari, na herufi I inarukwa, kwa hiyo K ni Oktoba. Gari limetengenezwa tarehe 12 Oktoba 1964, miezi sita kabla GT haijazaliwa. Na 65A maana yake ni viti vya kawaida; ile ya kifahari yenye farasi wanaokimbia kwenye viti ni 65B. Hata chini ya boneti kuna altaneta, wakati zile za mwanzo zilikuja na dainamo.

Rumeti akaniuliza, "Sasa ubaya uko wapi? Bati ni lile lile, raha ni ile ile."

Swali zuri, na kwa maoni yangu kubandika beji kwenye gari lako mwenyewe si dhambi. Dhambi ni kuliuza kwa jina hilo. Pale unachukua shifti za usiku za mtu na kumpa kitu ambacho hakipo.

Lakini kuna ubaya mwingine unaoniuma zaidi. Kila mtu akibandika GT, yale magari ya kawaida yatabaki wapi? Na ndiyo waliyoendesha watu wengi! Mfano ni dada mmoja wa Chicago, Gail Wise. Alikuwa na miaka 22, mwalimu anayeanza kazi (ndiyo, ticha kama sisi!). Tarehe 15 Aprili 1964, siku mbili kabla ya uzinduzi, muuzaji akamfunulia Mustang ya bluu ya paa la kukunja akainunua. Ni V8 ya 260, haina GT yoyote. Akakaa nayo zaidi ya miaka 50. Hebu fikiria mtu aibandike beji za GT ili "ipendeze". Atakuwa ameongeza nini? Mimi naona atakuwa amefuta historia ya ticha wa watu.

Na mimi pia nina kosa. Niliona beji nikatoa alama zote bila kusoma mtihani. Kama ndivyo nitakavyosahihisha madaftari ya watoto huko mbele, basi kazi ipo.

Kaka wa Houston alimpigia muuzaji akamwambia: liuze kama lilivyo, Mustang ya 1965 ya kawaida kutoka San Jose, kwa bei yake, nitalichukua hata leo. Muuzaji akakata simu. Jamaa anaendelea kutafuta, hela yake bado iko mfukoni. Mimi nimemwomba radhi.

Kwa hiyo wadau, ukionyeshwa beji, omba namba. Na kama hujaisoma namba, usiseme "chukua" kama mimi.

Nawasilisha. Nirudi kwenye madesa, Jumatatu kuna tesiti!