Binti Manalo na jina lililoachwa langoni

Hoteli ya Fairmont ipo juu ya kilima cha Nob Hill, San Francisco. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Victoria Manalo alifika kwenye klabu ya kuogelea ya hoteli hiyo akitaka kujifunza kujirusha majini kutoka ubaoni. Kocha Phil Patterson alikiona kipaji chake, lakini jina likawa tatizo. Manalo ni jina la Kifilipino, na Wafilipino hawakutakiwa pale. Akaambiwa ajiite Vicki Taylor, kwa ukoo wa mama yake Mwingereza. Hata hilo halikutosha: Patterson alimfungulia chama chake cha pembeni, akawa mwanachama peke yake. Uzeeni, Vicki mwenyewe alisema hakuna upendeleo wowote aliouona hapo, bali mbinu ya kumtenga na wengine.

Huku kwetu Pwani, swali la kwanza analoulizwa binti ni: wewe ni wa nani? Kumwambia msichana akane jina la baba ili aruhusiwe kuingia majini ni kumdai nauli ambayo mtu yeyote hapaswi kuilipa.

Vicki alizaliwa Desemba 31, 1924, pacha, katika familia isiyo na uwezo kwenye mtaa wa South of Market. Alijifunza kuogelea akiwa na miaka kama kumi, katika bwawa ambalo kiingilio chake kilikuwa senti 5. Sheria nazo hazikuwa upande wa watu kama wazazi wake. Mwaka 1933, jimbo la California liliongeza Wafilipino katika orodha ya watu waliokatazwa kufunga ndoa na wazungu.

Rafiki yake mkubwa katika mchezo wa kujirusha majini, Sammy Lee, mtoto wa wahamiaji kutoka Korea, aliujua ubaguzi huo kuliko yeyote. Bwawa la Brookside huko Pasadena lilimruhusu siku moja tu kwa wiki, iliyotengwa kwa wasio wazungu. Jioni yake maji yote yalimwagwa, bwawa likajazwa upya. Siku nyingine kocha wake alimchimbia shimo, akalijaza mchanga, na Lee akawa anajipindua hewani na kutua mchangani kwa miguu. Mtu akitafakari picha hiyo ya bwawa likimwagwa kwa sababu ya ngozi ya mtoto, ataelewa kwa nini Vicki na Lee walishikamana kama ndugu.

Lee ndiye aliyemkutanisha na Lyle Draves, kocha wa Oakland, ambaye alimfundisha kujirusha kutoka jukwaa la mita 10. Kutoka urefu huo mtu huingia majini kwa kasi ya takriban kilomita 50 kwa saa, na kosa dogo la mkono au kichwa hulipwa kwa maumivu. Vicki na Draves walioana mwaka 1946. Mwaka huo na miwili iliyofuata Vicki akawa bingwa wa Marekani wa jukwaa.

Kisha ikaja Olimpiki ya London, 1948. Kwenye ubao wa mita 3 alishindana na Mmarekani mwenzake, Zoe Ann Olsen, wakaachana kwa chini ya pointi moja: 108.74 kwa 108.23. Kabla ya mruko wa mwisho Vicki alikata tamaa, na Lee ndiye aliyemtia moyo apande ubaoni amalize kazi. Akapanda, akajirusha kinyumenyume, akashinda. Siku chache baadaye alichukua dhahabu ya jukwaani pia. Hapakuwa na mwanamke aliyewahi kushinda zote mbili katika Olimpiki moja. Oktoba ya mwaka huohuo, Mahakama Kuu ya California ikaifuta ile marufuku ya ndoa.

Wapo watakaosema kwamba bila Patterson, Vicki asingepata pa kuanzia, basi alaumiwe kidogo tu. Utetezi huo haufai. Kipaji kilikuwa cha msichana, jasho lilikuwa lake, na bwawa lilikuwapo tayari. Mchango wa Patterson hauondoi ukweli kwamba angeweza kumfundisha mwanafunzi yuleyule kwa jina lake halisi. Ushindi wa London haukumsafisha mtu. Wala haukukomesha ubaguzi: Lee mwenyewe, akiwa daktari wa jeshi mwenye dhahabu mbili za Olimpiki, alikataliwa kununua nyumba katika mji wa Garden Grove mwaka 1955.

Baada ya London, Vicki alifanya maonyesho ya kulipwa, akafundisha pamoja na mumewe, akalea watoto wanne wa kiume. Alisafiri pia hadi Ufilipino, akaonyesha ustadi wake na kukutana kwa mara ya kwanza na ndugu wa baba yake. Ile safari inastahili kuwekwa sawa na medali zake, maana huko ndiko jina Manalo lilikopokelewa bila sharti.

Alifariki Aprili 2010 akiwa na miaka 85. Orodha za washindi wa 1948 humtaja kwa jina la Draves tu, na magazeti hunakili hivyohivyo. Wahariri wa michezo wanaweza kulirekebisha hilo leo kwa neno moja. Mji wake umeshafanya hivyo: mwaka 2006, katika mtaa uleule wa South of Market, San Francisco ilifungua bustani ya umma, na jina lake limeandikwa kwa ukamilifu, Victoria Manalo Draves.