Kikoromeo kikiondolewa, ulizieni na tezi

Saratani ya kikoromeo, yaani kisanduku cha sauti, huwafikisha wengi hospitalini ikiwa imekwishakomaa. Sauti hukwaruza wiki baada ya wiki, nasi nyumbani tunahangaika na tangawizi na asali. Pumzi ikianza kubana ndipo tunakimbilia Temeke au Mwananyamala, na huko tunapewa rufaa ya Muhimbili. Ikiwa uvimbe umetoboa gegedu, mara nyingi madaktari hushauri kikoromeo kiondolewe chote, na mgonjwa hubaki akipumua kwa tundu lililofunguliwa mbele ya shingo.

Hapo familia huuliza: Je, atapona? Atasema tena? Ni maswali ya haki. Lakini liko jingine ambalo ni wachache huliuliza: tezi itafanywaje?

Tezi dundumio, ile ambayo ikivimba tunaiita goita, ina umbo la kipepeo na imelikumbatia bomba la hewa chini kidogo ya kikoromeo. Kwa ujirani huo saratani huweza kuipenya, na kwa miaka mingi wapasuaji waliikata nusu au yote kama jambo la kawaida kila walipoondoa kikoromeo. Tezi hizo zilipochunguzwa maabara, saratani ilionekana kwa takriban mgonjwa mmoja tu kati ya kumi. Ndiyo maana wengi sasa huchagua. Huikata pale uvimbe ulipoanzia chini ya nyuzi za sauti, au uliposhuka chini yake zaidi ya sentimita moja, au picha za CT zinapoonesha kuwa umeifikia. Kabla ya kutia saini, ulizeni: itakatwa nusu, yote, au itabakizwa, na kwa sababu gani?

Jibu liandikeni, kwani litahitajika baadaye. Baada ya upasuaji wengi hupelekwa Ocean Road kwa mionzi, na mionzi ya shingo huidhoofisha tezi iliyosalia, polepole, kwa miezi na hata miaka. Kwa waliokatwa nusu ya tezi kisha wakapata mionzi, tafiti kadhaa zimekuta nusu yao au zaidi wakipungukiwa homoni.

Na hapa ndipo tunapowadhulumu wagonjwa wetu bila kukusudia. Baba aliyekuwa akiamka kabla ya adhana sasa haamki. Anajifunika shuka katika joto la Dar es Salaam, choo kinafunga, uso unajaa, anasahau, hataki kukaa na watu. Tunasema ana huzuni ya kupoteza sauti, au amekata tamaa, na wapo watakaotafuta kisomo. Kisomo ni kheri, wala huzuni si jambo la kubuni. Lakini dalili hizi zote ni za upungufu wa homoni ya tezi, naye hana sauti ya kujieleza. Upungufu huo huchelewesha hata kidonda cha koo kufunga. Kipimo chake ni cha damu, na hurudiwa kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, hata kama mgonjwa anaonekana mzima.

Kuna dalili isiyongoja siku hiyo. Nyuma ya tezi hukaa vitezi vidogo, kwa kawaida vinne, vinavyotunza kalsiamu. Vikiguswa au kuondolewa, midomo na vidole hufa ganzi na mikono hukakamaa. Mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo.

Homoni ikipungua, tiba ni kidonge cha levothairoksini kila siku, kwa kawaida maisha yote. Humezwa kwa maji tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Ramadhani haiachwi: daktari anaweza kuihamishia usiku, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha mwisho, au kabla ya daku kwa nafasi ile ile. Vidonge vya kalsiamu na vya kuongeza damu visimezwe pamoja nayo. Viachane kwa saa nne.