Breki za treni za mizigo: kompyuta yaweza kuandika, je, yaweza kuona?

Nchini Marekani, ambako treni moja ya mizigo yaweza kuwa na mabehewa zaidi ya 100, kampuni za reli na vyama vya wafanyakazi vimevutana kwa miaka kadhaa kuhusu jambo linaloonekana dogo: kumbukumbu za ukaguzi wa breki.

Kampuni zinataka kila behewa liwe na kumbukumbu yake ya elektroniki, itakayolifuata popote liendapo. Vyama vya wafanyakazi vinahofia kwamba kumbukumbu hiyo itakuwa kisingizio cha kupunguza ukaguzi wenyewe.

<b>Hewa ndani ya bomba</b>

Breki za treni za mizigo bado zinategemea uvumbuzi wa George Westinghouse wa karne ya 19. Bomba la hewa iliyoshindiliwa hupita kutoka kichwa cha treni hadi behewa la mwisho. Shinikizo likishuka bombani, kila behewa hutumia hewa ya mtungi wake kubana magurudumu.

Kwa hiyo bomba likikatika, treni husimama yenyewe. Lakini hewa ya mitungi ikivuja polepole, breki hulegea, na treni iliyoegeshwa mlimani yaweza kuanza kuteremka.

Ndiyo maana sheria za Marekani hutaka treni ikaguliwe kabla ya kuanza safari. Wakaguzi huhakikisha kwamba breki za kila behewa zinabana na kuachia, na kwamba uvujaji wa hewa hauvuki kiwango kilichowekwa. Ukaguzi mwingine hufanyika kila baada ya maili 1,000, yaani kilomita 1,600 hivi.

Tarehe, saa, mahali, idadi ya mabehewa na aliyekagua huandikwa, kwa karatasi au kwa elektroniki, na taarifa hizo hukaa katika chumba cha dereva hadi mwisho wa safari.

<b>Upungufu wa karatasi</b>

Udhaifu wa utaratibu wa zamani ni kwamba karatasi hufuata treni, wala haifuati behewa. Behewa likihamishiwa treni nyingine, historia yake hubaki nyuma. Behewa lililokaguliwa asubuhi laweza kukaguliwa tena jioni, ilhali lile lenye kasoro ya mara kwa mara huonekana kila siku kama geni.

Hapa hoja ya kampuni ina uzito. Kumbukumbu ya elektroniki ingefichua behewa linalorudiarudia kuharibika. Ingemsaidia pia msimamizi wa serikali: akiona mabehewa 100 yameandikwa kuwa yamekaguliwa kwa dakika chache tu, atajua pa kuanzia kuuliza.

Wasiwasi wa wafanyakazi nao una msingi. Desemba 2020 serikali ya Marekani ilirefusha muda ambao treni yaweza kukaa bila hewa kwenye breki kabla ya kulazimika kukaguliwa upya, kutoka saa 4 hadi saa 24. Kwa macho yao, kila teknolojia mpya huja na ombi la kulegeza sharti la zamani.

<b>Mafunzo ya Kanada</b>

Ajali mbili za nchi jirani zinaonyesha mpaka wa kumbukumbu yoyote. Julai 2013, treni yenye mabehewa 72 ya mafuta ghafi iliachwa mlimani karibu na mji wa Lac-Mégantic. Injini ilizimwa, hewa ikavuja, na breki za mkono zilizofungwa hazikutosha kuizuia. Watu 47 walikufa.

Februari 2019, treni ya nafaka ilisimamishwa kwenye mteremko karibu na Field, katika baridi kali. Hewa ilivuja kwenye breki, treni ikaanza kwenda yenyewe, na wafanyakazi wake 3 wakauawa.

Kumbukumbu husema kilichoonekana saa ile ya ukaguzi. Haisemi kinachotokea saa chache baadaye, usiku, katika barafu.

Ni tofauti na vifaa vya kupima joto la magurudumu treni inapoteremka, ambavyo vimetumika Kanada. Gurudumu lililobaki baridi mteremkoni hufichua breki isiyobana. Kifaa hicho hupima breki ikiwa kazini. Kumbukumbu huhifadhi tu neno la mtu kwamba aliitazama.

<b>Swali kwa Afrika Mashariki</b>

Mjadala huu si wa mbali. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma bila kuzuilika karibu na Igandu, mkoani Dodoma, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Tangu wakati huo Kenya na Tanzania zimejenga reli mpya, na treni za mizigo kati ya Mombasa na Nairobi zilianza safari kwenye reli hiyo mwaka 2018.

Reli mpya huja na kompyuta, na hilo ni jambo jema. Lakini wasimamizi wanapaswa kuuliza mapema: nani aweza kubadili kumbukumbu baada ya kuandikwa? Je, serikali yaweza kuisoma bila kuomba ruhusa ya kampuni? Na mkaguzi aliyekataa kuipitisha treni, je, analindwa?

Majibu yakikosekana, mashine itahifadhi uzembe kwa usahihi uleule ambao ingehifadhi kazi njema.