Stesheni Ndogo za Kadibodi Si Mchezo wa Watoto

UKIMWONA mtu mzima mwenye mvi ameinama juu ya meza, wembe mkononi, akikata kipande cha kadibodi kisichozidi ukucha wa kidole gumba ili kiwe dirisha la stesheni, huenda ukacheka. Utasema mzee huyu amerudia utoto. Mimi pia nilikuwa miongoni mwa wachekaji, mpaka nilipoijaribu kazi hiyo mwenyewe nikaona ilivyo nzito, na nikaona pia jinsi tulivyochelewa kuianza.

Kazi ninayoizungumzia ni ile ya kutengeneza mifano ya reli: nyumba za stesheni, matangi ya maji, madaraja, vilima na miti, vyote vikiwa vimepunguzwa kwa kipimo kimoja. Sizungumzii gari la moshi la kuchezea ambalo watoto hulizungusha sakafuni. Katika kazi hii injini ni kitu cha mwisho. Kazi yenyewe hasa ni kupajenga mahali linapopita gari hilo.

Kipimo kinachotumiwa na watu wengi ulimwenguni ni 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho mlango wa mita 2 huwa milimita 23, na mtu wa kimo cha kawaida huwa na urefu wa sentimita 2 tu. Reli yetu ya zamani, ambayo upana wake ni mita 1 kutoka chuma hadi chuma, huwa na upana wa milimita 11 na nusu. Mikunjo ya bati la paa huwa haifiki hata milimita 1. Basi fundi huchukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akaibonyeza kwa ukucha juu ya meno ya parafujo ndogo, ikatoka na mikunjo kama bati. Kisha huipaka rangi ya kutu kidogo kidogo, kwa maana bati la stesheni halikai jipya.

Vifaa vyenyewe si vya matajiri. Kilima ni wavu wa waya uliofunikwa kwa magazeti yaliyolowekwa katika uji wa unga wa ngano. Majani mafupi ni unga wa mbao uliotiwa rangi, na majani marefu ya nyika ni nyuzi za katani zilizokatwa. Mgunga ni nyaya nyembamba zilizosokotwa pamoja kuwa shina, kisha zikatawanywa juu kuwa matawi. Ni mtoto gani wa nchi hii aliyewahi kutengeneza gari la waya atakayeshindwa na mti huo? Mikono tunayo. Tunachokosa ni rula na nia.

Lakini kwa nini mtu ajisumbue? Jibu langu ni moja: stesheni za reli yetu ya zamani zinatoweka, na nyingi hazikupimwa na mtu ye yote.

Hapa Nairobi tuna Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971, na ni jambo la kujivunia. Humo mna injini kubwa za mvuke ambazo zilipanda milima yetu, na mabehewa ya tangu siku za mwanzo. Hata hivyo injini ina magurudumu. Huweza kuvutwa kutoka po pote hadi Nairobi ikahifadhiwa. Stesheni haivutwi. Hubaki pale pale ilipojengwa, na siku ambapo gari haliji tena, haina mlinzi.

Tangu tarehe 31 Mei 2017, reli mpya yenye upana wa milimita 1,435 ilipoanza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi, wasafiri wa njia hiyo wamehamia stesheni mpya. Sisemi kwamba reli ya zamani imekufa yote, kwani sehemu zake zilifufuliwa kuanzia mwaka 2020. Wala sisemi kwamba reli mpya haikufaa. Nasema kwamba stesheni ndogo ndogo, ambazo watu walizitumia kama saa, soko na posta, hazikuwa na mtu wa kuziandikia wasia.

Nilijua hayo kwa njia ya aibu. Niliamua kutengeneza mfano wa stesheni moja ndogo niliyoizoea utotoni. Nilidhani ninaijua kama kiganja changu. Nilipoketi na kadibodi nikagundua kwamba sikumbuki ilikuwa na madirisha mangapi upande wa reli. Paa lake liliinama kiasi gani? Ngazi zilikuwa mbili au tatu? Nikafunga safari. Nilikuta kuta nne na jukwaa lililoota majani. Mabati hayapo, milango haipo, na mahali pa tangi la maji pana shimo.

Kwa bahati nilimpata mzee mmoja ambaye zamani kazi yake ilikuwa kugeuza reli pale pale. Nilimwonyesha mchoro wangu. Akautazama kwa muda mrefu, kisha akachukua kijiti, akachora yake mchangani.

“Mwanangu, tangi lilikuwa huku, si huko ulikoliweka,” akasema. “Wewe ulikuwa ukija kutazama gari. Stesheni hukuitazama.”

“Ni kweli, mzee,” nikamjibu, na sikuwa na la kuongeza.

Mzee yule alijua kila kitu: mti wa kivuli ulipokuwa, akina mama wa ndizi walipoketi, na mahali vyumba vya wafanyakazi, yaani landhi, vilipoanzia. Nilipima kuta zilizosalia kwa kamba na rula; mengine yote niliyapata kutoka kinywani mwake. Je, ningalichelewa miaka mitano zaidi, ningalimkuta nani wa kunisahihisha? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naona mfano wa kadibodi uliopimwa sawasawa ni daftari la namna yake.

Hofu hii si yetu peke yetu. Huko Uingereza alifika mwaka 1925 kijana kutoka Australia, jina lake Roye England. Alizipenda nyumba za zamani za vijijini zilizoezekwa kwa nyasi, akaona jinsi zilivyokuwa zikibomolewa au kubadilishwa sura. Hakuwa na uwezo wa kuzizuia. Alichoweza ni kuzichunguza na kuzijenga upya kwa kipimo cha 1 kwa 76, tofali moja moja likichongwa na kupakwa rangi juu ya kadibodi. Mwaka 1954 alianzisha makumbusho yaitwayo Pendon katika kijiji cha Long Wittenham. Yeye amekwisha kufariki, lakini watu wa kujitolea wanaiendeleza kazi yake mpaka leo, na mtazamaji huona vijiji na reli za miaka ya 1920 na 1930 kana kwamba amesimama kilimani. Kazi iliyoanza kama mapenzi ya mtu mmoja imekuwa hazina ya watu wote.

Wako watakaoniambia kwamba picha zatosha. La, hazitoshi. Picha nyingi zilipigwa kutoka upande wa jukwaa, gari lilipokuwa limesimama. Nyuma ya nyumba hakuna aliyepiga. Mtengenezaji wa mfano hawezi kuacha upande wa nyuma wazi. Hulazimika kwenda kuuliza, na huko kuuliza ndiko kunakookoa habari.

Wengine watasema kwamba reli hii ilikuwa ya wakoloni, ya nini kuihifadhi? Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Reli hiyo ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Waafrika nao walifyeka, walichimba na kubeba. Baadaye ni wazee wetu waliotia makaa, waliofagia majukwaa na waliogeuza reli usiku wa mvua. Sasa tukikataa kutengeneza mifano hii sisi, itatengenezwa na wengine mbali na hapa. Watamweka Mzungu mwenye kofia jukwaani na simba nyuma ya kichaka, basi. Landhi hazitakuwamo. Hata ndovu wa Tsavo watawapaka rangi ya kijivu, kwa kuwa hawajui kwamba udongo wa huko huwafanya wekundu.

Kwa hiyo nasema mfano usio na watu wake ni nusu ya ukweli. Anayetengeneza stesheni na atengeneze pia foleni ya daraja la tatu, mchuuzi wa mayai dirishani, na kamba ya nguo iliyoanikwa nje ya landhi. Mambo hayo hayagharimu zaidi ya kadibodi na gundi ile ile.

Yafaa basi walimu wa sanaa na wa ufundi walifikirie jambo hili. Darasa moja lichague stesheni moja iliyo karibu. Wanafunzi waipime, wawahoji wazee waliofanya kazi hapo, waandike majibu, kisha waijenge kwa kipimo kimoja bila kubahatisha. Watajifunza hesabu, historia na kazi ya mikono kwa pamoja. Wenye makumbusho nao wanaweza kutenga meza ya kuonyesha mifano iliyo bora, kwani mcheza kwao hutuzwa.

Mfano wangu haujakwisha. Una kasoro nyingi, na ngazi nilizibomoa mara mbili. Lakini tangi sasa liko mahali pake. Nilimpelekea mzee yule aukague; akainama, akatazama kwa jicho moja usawa wa jukwaa, kisha akaniuliza ni kwa nini nimesahau benchi. Nikarudi nyumbani kukata benchi.