Wanaoikana Halua

Wamezuka miongoni mwetu wasemaji wanaodai kwamba halua haistahili kuhesabiwa katika utamaduni wa taifa. Hoja yao ni kuwa jina lake ni la Kiarabu, upishi wake una nasaba na Omani, na mwacha asili ni mtumwa. Twaikataa hoja hii, si kwa utamu wa halua, bali kwa ubovu wa hoja yenyewe.

Ni kweli kwamba neno halua lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ni kitu kitamu. Lakini hata sukari ni neno lililotufikia kwa njia hiyo hiyo, na peremende ni neno la Kiingereza lililovishwa kanzu ya Kiswahili. Mbona peremende haiulizwi ukoo wake? Wasemaji hao hao huwapa watoto wao peremende za viwanda vya ng'ambo, wasione kuwa wameiacha asili yoyote.

Chakula huwa cha watu kwa mikono inayokipika na kwa shughuli zinazokihitaji. Mpishi wa halua wa Unguja au Pemba huteleka sufuria kubwa la shaba juu ya moto wa kuni, akachanganya wanga, sukari na samli, kisha akakoroga kwa mwiko mrefu saa baada ya saa; akizembea, hushika chini ikaungua. Hujua kuwa imeiva pale inapoachana na sufuria. Iliki na kungumanga anazotia huota katika visiwa hivyo hivyo, na kijamanda cha kuifungia husukwa kwa ukindu. Itakapofika Idi au harusi, sinia ya halua hutangulizwa mbele ya wageni pamoja na kahawa chungu. Nasi washairi, tunapotafuta mfano wa utamu wa mpenzi au wa maneno, mara ngapi hatukukimbilia halua? Kitu kilichokwisha kuingia katika arusi na katika ushairi hakiombi tena kibali cha uraia.

Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge mwezi wa Desemba 1962 na kutangaza wizara ya utamaduni, alieleza wazi kwamba kujifunza kwa wengine si aibu. Aibu ni kuacha vya kwetu. Wanaoikana halua wameshika nusu ya funzo hilo, tena wameishika kichwa chini.

Wahenga walinena, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo kibaya kinatembezwa kwa matangazo ya redio na runinga, ilhali chema kimeachwa kijiuze peke yake. Katika hafla zetu rasmi twaandaa biskuti za pakiti, kisha mgeni akitaka kuondoka ndipo tunapokumbuka kumfungia halua. Je, utamaduni ni kitu cha kumpa abiria?

Hatuna budi kutenda mambo mawili. Kwanza, halua iwekwe mezani katika shughuli za umma, iliwe na wenyeji kabla ya wageni. Pili, ujuzi wa wapishi na msamiati wa kazi yao uandikwe wangali hai, na vijana wapelekwe kwao wakajifunze. Sufuria lisipokorogwa huungua. Na utamaduni ni vivyo hivyo.