Dawa au Maji ya Masahani?



Bustani ya nyuma ya jikoni imeleta maneno mingi muhula huu. Matuta mawili ya shu yalipandwa siku moja. Moja tulilipuliza maji ya pilipili, kitunguu saumu na sabuni; lingine tuliliacha hivi hivi. Siku ya kukata, tuta la dawa lilitoa vichwa vikubwa, na lingine majani yalikuwa matundu matupu. Wenzetu wakapiga kelele: "Hii dawa iko na nguvu! Tuitie mu chupa, tuuzishe ku soko Virunga!"

Sisi tunasema: hapana, bado.

Tuta la dawa lilikuwa upande wa jikoni, pahali wanapomwaga maji ya masahani kila jioni. Tena Katindo tunalima juu ya mawe ya Nyiragongo: hapa jembe linaingia, hatua mbili mbele linalia juu ya jiwe. Basi ni nini kilichoshinda? Pilipili, maji ao udongo? Na waliohesabu vichwa ni wale wale waliotwanga pilipili (nasi tulikuwamo). Jicho hupenda kazi ya mkono wake.

Neno hili si la mchezo. Mmoja wetu alipeleka dawa kwa mama jirani, na lenga-lenga zake zikaungua majani. Sabuni ikizidi, inaunguza. Mama akauliza tulitia kiasi gani. Hatukuwa na jibu, juu ya kuwa hatukupima. Zile lenga-lenga zilikuwa za kuuza.

Hatudharau kujaribu kando kwa kando. Danieli naye aliomba siku 10 za mboga na maji, kisha walinganishwe na vijana waliokula chakula cha mfalme. Mama zetu huchagua mbegu za maharagi kwa kutazama vile vile, lakini wao hutazama misimu mingi, si mmoja.

Ronald Fisher, Mwingereza aliyeingia kazi mwaka 1919 kwenye mashamba ya utafiti ya Rothamsted, alifundisha wakulima jambo ambalo hata mtoto anaweza: rudia katika vipande vingi, na kura ndiyo ichague kipande kipi kipate dawa, si mkono wa mwenye shamba. Huko Kenya, kwenye Chuka na Thika, kuanzia 2007 watafiti walilinganisha kilimo cha mbolea za asili na kilimo cha kawaida, mwaka kwa mwaka.

Wengine watajibu: "Siye hatuna laboratwari." Ya nini? Tunaomba matuta mafupi 12. Manne yapate dawa, manne maji ya sabuni peke yake (maana sabuni yenyewe inaua vidukari, labda pilipili inasifiwa bure), manne maji matupu. Kila kitu kipimwe kwa glasi na kuandikwa. Anayepima shu kwenye mizani asiambiwe ni za tuta gani. Maji ya masahani yamwagwe pengine!

Mwalimu wa bustani amekubali kutupa sehemu ya chini, na mbegu ziko. Chupa zikae tupu kwanza. Tunatafuta watu sita wa kulima Jumamosi, na mmoja mwenye kofia ya kupigia kura.